Nina miaka 64, fundi mstaafu. Nataka kwenda kujitolea nje ya nchi ili nijifunze: nimechanganyikiwa?

FundiSpana:

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo leo. Mnivumilie, maana ni kidole kimoja tu kinachofanya kazi yote hii.

Nina miaka 64. Miaka 38 nimekuwa fundi mitambo, na 11 ya mwisho nilikuwa msimamizi wa karakana, vijana 14 chini yangu. Nimestaafu, huu mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza nilitengeneza kila kilichoharibika nyumbani. Mwaka wa pili nikaanza kutengeneza na vilivyokuwa vizima. Mama watoto akaniambia, kwa upole kabisa, nitafute shughuli ya nje.

Juzijuzi nikakutana na habari za watu wa umri wangu wanaokwenda nchi za watu kujitolea. Miezi mitatu, mwaka, wengine miaka miwili. Wema wao sikuushangaa, watu wema wapo. Kilichonishika ni kwamba wengi wanasema walikwenda kujifunza. Nikabaki nalo hilo neno siku nzima. Tangu nipate cheti cha ufundi sijawahi kuwa mwanafunzi tena. Miaka 38 mimi ndiye naulizwa. Hata pale nilipokuwa sijui, nilikunja uso nikasema "niachie mpaka kesho", kisha usiku nafungua vitabu kama mwizi. Kusema kweli nina hamu ya kukaa mahali ambapo sijui kitu, na kila mtu anajua kuwa sijui.

Nyumbani hawajanielewa. Mwanangu mkubwa anasema nitafia huko. Wa kati anasema ni utapeli, ni utalii uliovalishwa joho la huruma. Mdogo hajasema neno, ila alinitumia picha ya eksrei ya goti langu ya mwaka 2019.

Sasa naomba kuuliza kwa waliokwishatoka au wanaojua. Kwa umri huu wananichukua, au nitajaza fomu za bure? Lugha ngeni inaingia kweli kwenye kichwa cha miaka 64? Na hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi: nikisema wazi kwamba nakwenda kujifunza, si ni kama naiba? Wao wanahitaji msaada, mimi nafuata shule.

Mdogomdogo:

Shikamoo mzee. Ukitaka kujifunza si kuna YouTube? Goti linapumzika na mama hakosi mtu wa kumfungulia makopo.

FundiSpana:

Marahaba kijana wangu. YouTube nimekesha nayo sana. Haijawahi kuniambia nimekosea.

MkungaMstaafu:

Kaka, kwanza pole na goti. Mimi ni mkunga, nina miaka 69, nimetoka mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na 61, nikakaa miezi tisa. Mara ya pili 66, miezi mitano. Nchi sizitaji kwa sababu humu nitasema mambo ya watu.

Umri si kizuizi kama unavyodhani, ila mlango mmoja haufanani na mwingine. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu kujitolea nje, ulioanzishwa mwaka 1961, hauna ukomo wa umri wa juu. Lillian Carter, mama yake Jimmy Carter, alikuwa muuguzi mjane wa miaka 68 alipokwenda nao India, akafanya kazi Vikhroli karibu na Bombay kwa karibu miaka miwili. Wakati huo mwanawe hajawa rais, kwa hiyo msiseme alibebwa na jina. Lakini Peace Corps ni wa raia wa Marekani tu. Japani kwa miaka mingi ilikuwa na mpango wake wa wakubwa, miaka 40 hadi 69. Ujerumani ina shirika la SES tangu 1983 na Uholanzi ina shirika la PUM tangu 1978. Hizi mbili zinatafuta hasa watu wa aina yako, waliokwishatumikia ufundi wao maisha yote, na safari zake huwa za wiki chache. Kwa mtu wa taifa lolote kuna UNV, wafanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, tangu 1970. Wale wana kundi la vijana wa 18 hadi 26, halafu wana kundi la wabobezi linaloanzia miaka 35, yaani huko mvi si kasoro. Fomu ya kutopotezea muda ni ya European Solidarity Corps, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Ulaya. Ule ni wa vijana, na kazi zake nyingi zinaishia miaka 30.

Inasikitisha, maana Ulaya hiyohiyo, kati ya 2009 na 2013, ilikuwa na mpango ndani ya Grundtvig wa kubadilishana watu wa kujitolea wa miaka 50 na kuendelea, kwa wiki tatu hadi nane. Na Grundtvig ilikuwa mfuko wa elimu ya watu wazima! Maana yake mtu mzima kwenda kujitolea nje ilihesabiwa kuwa ni masomo, si huruma. Kwa hiyo hilo wazo lako hukuliota peke yako.

Sasa kuiba. Ngoja nikusimulie.

Siku yangu ya nne wodini, mkunga wa zamu alikuwa binti wa miaka 26, mwembamba, sauti haitoki. Mimi nilikuwa na miaka 34 ya kazi. Nilipelekwa pale "kuimarisha huduma", ndivyo barua ilivyosema. Akaja mama mwenye uchungu, akapiga magoti sakafuni kwenye mkeka, mikono ameshika ukingo wa kitanda. Nikamwonyesha kwa ishara apande alale. Hakupanda. Nikamshika mkono nimsaidie. Yule binti akaweka mkono wake juu ya wangu, wala hakuusukuma, akauweka tu, akaniambia polepole ili nielewe: "Hapa anachagua yeye."

Kaka, nilichemka. Miaka 34 nimezalisha, mama amelala chali, na nimefundisha wanafunzi hivyohivyo. Nikakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki nimenuna kama mtoto. Mtoto akazaliwa mama akiwa amepiga magoti, binti yuko nyuma yake, taulo limetandikwa juu ya mkeka. Mama mzima, mtoto mzima. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 wa kumhudumia mama wakati wa kujifungua, linasema aachiwe mkao anaoutaka. Mimi mwongozo huo niliusomea kwenye kiti cha plastiki.

Jioni nilimfuata yule binti nikamwomba anifundishe anavyokaa yeye mama akiwa amepiga magoti, mikono anaiweka wapi, jicho linaangalia nini. Alishtuka. Alidhani namtega. Siku tatu alikuwa ananijibu kwa mkato. Siku ya nne akaniuliza yeye jambo, kuhusu mtoto anayetanguliza matako, maana hao mimi nimewazalisha wengi na yeye alikuwa amemwona mmoja tu. Toka hapo tulikuwa tunaulizana. Nitajie nani pale aliyemwibia mwenzake.

Lugha: inaingia, ila inaingia kwa mlango wa nyuma. Nilijaribu kukariri sarufi, ikagoma. Kilichonisaidia ni binti wa mfanya usafi, miaka tisa, aliyekuwa anakuja jioni kumsubiri mama yake. Akageuka mwalimu wangu. Alikuwa na daftari, ananipa maneno matano kwa siku, kesho yake ananisikiliza, nikikosa anacheka mpaka anakaa chini. Wiki mbili nzima nilikuwa nawauliza wagonjwa swali langu la kwanza kwa makosa. Ni kama mtu akitaka kusema "unaumwa wapi?" akawa anasema "unauma wapi?" Wagonjwa walinijibu kwa heshima tu. Aliyeniambia ni mtoto.

Mambo mawili kabla sijachoka. La kwanza, vyoo vya kuchuchumaa. Anza mazoezi leo, si utani, goti lako litanikumbuka. La pili, ukiona tangazo la kwenda "kukaa na watoto yatima" wiki mbili, pita mbali. Watoto wengi kwenye vituo hivyo wana mzazi au ndugu aliye hai, na pale wageni wanapoleta pesa, watoto nao hutafutwa ili vituo vijae. Hata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwenye azimio lake la haki za mtoto la mwaka 2019, limetaka madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima yazuiwe. Mwanao wa kati hajakosea moja kwa moja, kaka. Utalii wa joho upo.

FundiSpana:

Dada yangu, nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mama watoto akisikiliza. Alicheka kwenye "unauma wapi" kisha akanyamaza muda mrefu kwenye habari ya mkeka. Asante sana.

Nimeanza kuchuchumaa nikiosha meno. Asubuhi nimefikisha sekunde arobaini, kisha nikashika sinki.

KaratasiMkononi:

Mzee, mimi ni mtu wa makaratasi, hadithi sina. Nimesaidia wazazi wa watu wengi kujaza hizi fomu, kwa hiyo niruhusu nikukere kidogo.

Bima kwanza, kabla hata ya kuchagua nchi. Kampuni nyingi za bima ya safari zina ukomo wa umri, au zinapandisha malipo ukivuka umri fulani, na ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari usipoutaja unaweza kunyimwa fidia hata kama kilichokulaza ni kingine. Taja goti. Taja presha kama ipo. Halafu soma maandishi madogo utafute mambo mawili: kusafirishwa kwa dharura ukiugua mahali pasipo hospitali, na kazi za mikono. Bima nyingi za watalii hazilipi mtu aliyeumia akishika mashine au akiwa juu ya ngazi. Wewe ni fundi mitambo. Umenielewa.

Viza. Kujitolea bila mshahara ni kazi kwenye sheria za nchi nyingi, na viza ya utalii haikuruhusu. Shirika likikuambia "sema tu unatembea", hilo shirika liache. Hasara ya uwanja wa ndege utaibeba wewe, wao hawatakuwepo. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Watakuomba pia cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu. Wasipokiomba na kazi inahusu watoto, jiulize kwa nini.

Dawa zako zikae kwenye makasha yake ya asili na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, si jina la kibiashara. Dawa ya kawaida kwenu inaweza kuwa marufuku kwingine. Japani, kwa mfano, inazuia dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi. Chanjo ya homa ya manjano: cheti chake tangu Julai 2016 ni cha maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani tafuta kile kitabu cha njano. Kama hujawahi kuchanjwa, mwone daktari mapema, kwa sababu mtu aliyevuka 60 akichanjwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa ni kubwa zaidi, na ni daktari anayepima kama safari inastahili. Ndege ikizidi saa nne, inuka utembee, damu isigande miguuni.

Na malipo. Wapo wanaokulipa posho ya kujikimu, kama UNV. Wapo wanaokutaka ulipe wewe. Kulipa si lazima iwe utapeli, chumba na chakula vina gharama, lakini omba mchanganuo kwa maandishi: kiasi gani kinafika kule unakokwenda. Wakikujibu kwa picha za watoto wanaotabasamu, umeshajibiwa.

FundiSpana:

Kijana, umenikera vizuri. Nimepiga simu kampuni moja ya bima. Binti aliyepokea aliponiuliza umri akasema "subiri kidogo mzee", muziki ukapigwa dakika tisa. Nitajaribu nyingine.

Swali dogo. Nina sanduku la spana, kilo 22, nimelijenga kipande kwa kipande tangu nikiwa kijana. Nilibebe? Nikifikiria kufika mahali nina mikono mitupu najiona kama sijavaa.

UpandeWaPili:

Shikamoo mzee. Nimesoma huu uzi tangu juzi nikajizuia, ila kwenye hilo sanduku nimeshindwa.

Mimi nipo upande wa wanaopokea. Miaka kumi na mbili nimefanya kazi kwenye mradi wa maji unaoleta wageni wa kujitolea, wengi wao wakubwa kama wewe. Huwa hatuulizwi sisi. Wageni wakirudi kwao wanasimulia walivyojifunza, lakini aliyewafundisha hajaandika popote. Basi leo naandika.

Kuna mzee alikuja, mhandisi mstaafu, mtu safi, mchapakazi, saa kumi na mbili asubuhi yuko macho. Alikuja na sanduku kama lako. Tulikuwa na pampu ya mkono iliyokuwa inavuta maji kwa shida. Siku ya pili tu akaifungua. Ndani ya silinda ya pampu zile kuna wosha za ngozi, zimekaa kama kikombe, ndizo zinazobana ukutani pistoni ikipanda ili maji yapande nayo. Zilikuwa zimechakaa. Alizitoa akazishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya, akasema hii ni teknolojia ya babu yake. Akafungua sanduku, akatoa wosha za mpira mgumu alizokuja nazo, akaweka. Maji yakatoka kama mrija umepasuka. Tulipiga makofi. Picha ikapigwa.

Wakati huo fundi wetu, mzee wa hapohapo, alikuwa amesimama chini ya mti. Huyo ndiye aliyekuwa anakata zile wosha. Ana kipande cha ngozi, ana bakuli la bati analotumia kama kipimo, anailoweka ngozi, anaikandamiza juu ya kipande cha mti alichokichonga mwenyewe mpaka ishike umbo, anaiacha ikauke, kisha anaipaka mafuta. Wosha moja ya kwake inadumu miezi kadhaa, kisha anakata nyingine. Hakuulizwa kitu. Makofi yalipoisha alishaondoka.

Miezi minane baadaye mpira ukapasuka. Mgeni alishaondoka zamani, wosha za aina ile hatukuzipata popote, na ili kuziweka alikuwa ametoboa tundu jipya la skrubu kwenye pistoni, kipimo chake kikabadilika, za ngozi nazo hazikukaa tena. Tulikaa wiki sita bila ile pampu. Yule fundi ndiye aliyeifufua, lakini alikuja mara ya tatu kuitwa. Mara mbili za kwanza alituma mtu aseme anaumwa. Hakuwa anaumwa.

Nataka nimtendee haki yule mhandisi. Hakuwa na dharau, alikuwa na haraka. Alikuwa na wiki tano tu na alitaka zionekane.

Mwaka uliofuata akaja mwingine, fundi umeme, miaka 67. Huyu alikuja na bisibisi moja ya kupimia umeme na daftari. Wiki mbili hakugusa kitu. Alikuwa anakwenda na yule fundi wetu kila anakokwenda, anambebea mfuko. Watu wakawa wanatania kwamba fundi amepata mwanagenzi mzee kuliko yeye. Alikuwa anaandika jina la kila kitu kwa lugha yetu, anachora, anamwonyesha, fundi anamsahihisha. Wiki ya tatu wakaifungua pampu pamoja. Ngozi ikabaki ngozi. Walichobadilisha ni kile kipande cha mti cha kukandamizia: wakachonga cha chuma kutoka kwenye kipande cha bomba, kwa hiyo wosha zote zikawa kipimo kimoja na mtu yeyote anaweza kuzitengeneza, si mpaka fundi awepo. Wazo lilikuwa la fundi wetu, alikuwa nalo miaka mingi. Alikosa tu mtu wa kukaa naye akalisikiliza mpaka mwisho.

Sasa mzee, sanduku. Liache. Kama lazima mkono ushike kitu, beba kile kimoja usichoweza kulala bila kukiona.

Mdogomdogo:

Nilikuja kutania, nimebaki kusoma. Mzee, samahani ya ile ya makopo.

MkungaMstaafu:

UpandeWaPili, mwanangu, hii ningeisoma kabla sijapanda ndege ile mara ya kwanza ningekuwa nimeokoa ile siku ya kununa. Na huyo fundi chini ya mti, nimemwona kabisa. Kwetu alikuwa mhudumu mmoja wa wodi. Nilimaliza miezi mitano ya safari ya pili ndipo nikajua kwamba miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anajua mama gani anaogopa nini. Nilikuwa nimemwachia ndoo.

FundiSpana:

Nimechelewa kujibu. Niliisoma ile habari ya pampu usiku, nikafunga simu.

Niseme kweli mbele yenu. Mimi ndiye yule wa kwanza. Siyo kwamba ningeweza kuwa, mimi ndiye. Ningeifungua siku ya kwanza, wala si ya pili. Na ile wosha ningeishika vilevile, kwa vidole viwili.

Kuna kijana mmoja alikuwa karakana kwangu, mwaka wake wa kwanza. Alinifuata akaniambia mashine namba tatu inalia tofauti. Nikamwambia beringi zake nimebadilisha mwenyewe mwezi uliopita. Akasema, "Ndiyo bosi, lakini inalia." Nikamwambia akafagie. Siku kumi baadaye shafti ilikata. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila hakuna pia aliyemwambia yule kijana "ulisema". Kwenye ripoti niliandika uchakavu. Sijawahi kumsimulia mtu hili, na sasa nimewasimulia watu ambao hata majina yenu siyajui.

Kwa hiyo nimefanya mambo manne wiki hii. Nimejiandikisha kwenye huduma ya UNV ya kujitolea kwa mtandao, kabla ya kwenda kwa miguu. Nimeomba kazi ya kuchora michoro ya mashine kwa ajili ya mwongozo wa mafunzo. Bosi wangu akinikubali atakuwa na umri wa mwanangu mdogo. Nimepata kampuni ya bima, wamenitoza zaidi kwa ajili ya goti lakini wamelitaja kwenye karatasi. Na mwanangu mkubwa nimempa huu uzi wote asome. Amerudi na swali moja tu: ni miezi mingapi. Nimemwambia mitatu. Hajasema ndiyo, lakini ameacha kusema nitafia huko.

Jambo la nne ni la nyumbani. Nimejiuliza, hivi nikiambiwa na mtu nimekosea, nitavumilia? Ndani mna cherehani ya mama watoto. Nimeitengeneza mara ishirini, naijua mpaka meno ya gia. Kushona sijui hata mshono mmoja ulionyooka. Basi Jumamosi nikamwomba anifundishe kushona. Alinitazama kama yule binti wa dada MkungaMstaafu, akadhani namtega. Akanipa kitambaa nishone foronya. Kila mara mguu wangu unakimbia, mkono unabaki nyuma, uzi unakatika. Nikataka kufungua niangalie kama bobini imekaa sawa. Akaniambia, "Bobini iko sawa. Wewe ndiye hujakaa sawa."

Baada ya saa mbili na nusu nikamaliza. Nikamkabidhi. Akainyoosha mezani, akapitisha kidole kwenye mshono, akachukua kiwembe akaifumua mbele ya macho yangu.

MkungaMstaafu:

Upande mmoja au zote?

FundiSpana:

Zote nne, dada. Kesho saa tatu nina kipindi.